Kuhesabu Alama kwa Sauti Jioni ya Michezo: Mwongozo Kamili

“Sita,” nilisema, na simu ikaandika 9. Hakuna aliyeona mpaka raundi ilipoisha na jumla zikasomwa. Mjomba wangu akainua mkono. Macho yake siku hizi hayasomi tena maandishi ya karatasi, kwa hiyo jumla za meza nzima huziweka kichwani. “Hapana, mjomba,” akaniambia. “Neema alikuwa na thelathini na tano, akapata sita. Hiyo arobaini na nne imetoka wapi?”

Ni kwa ajili yake nilianza kuhesabu alama kwa sauti. Karatasi iliyolala mbele ya mtu mmoja humwacha nje kila asiyeweza kuisoma, hata kama anacheza vizuri kuliko wote. Alama zikitamkwa na kusomwa kwa sauti, wote mnajua mlipofika, na aliyekabidhiwa kalamu naye anapata kucheza badala ya kujumlisha. Baada ya usiku ule sikubadili simu. Nilibadili namna ya kutamka, na tangu hapo ugomvi wa alama umepungua sana. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote katika mwongozo huu inahusu maneno yenu, kabla ya programu yoyote.

Kwanza jua kifaa chako kinasikia lugha gani

Wengi hukwama hapa. Wasaidizi wa sauti wanaojulikana zaidi ni watatu: Siri ya Apple ilitoka mwaka 2011, Alexa ya Amazon 2014 na Google Assistant 2016, na zote tatu hazipokei amri kwa Kiswahili. Ukimwambia Alexa “ongeza kumi” atajitahidi kuyasikia maneno hayo kama Kiingereza, na utakachopata hakitakufaa.

Kuandika kwa sauti ni jambo jingine. Kibodi ya Google, yaani Gboard, imekuwa ikiandika Kiswahili kinachotamkwa tangu mwaka 2017. Programu za akili bandia za mazungumzo kama Gemini na ChatGPT nazo hufuata Kiswahili. Kwa hiyo zipo njia tatu za kweli: kutamka alama ndani ya jedwali kwa Kiswahili, kuzungumza na akili bandia kwa Kiswahili, au kujitengenezea amri yako ya Siri na kuvumilia Kiingereza kidogo. Nitazieleza zote, lakini sentensi kwanza, kwa sababu sentensi mbovu huharibu njia yoyote utakayochagua.

Tungeni sentensi moja, muishike

Kubalianeni mapema kwamba alama hutajwa kwa mpangilio mmoja tu: jina, kitendo, namba, kisha jumla mpya. Mfano: “Neema, ongeza sita, jumla arobaini na moja.”

Kwa nini jumla, wakati mashine ndiyo ya kujumlisha? Kwa sababu ya sita na tisa. Maneno haya mawili yana vokali zilezile kwa mpangilio uleule, na konsonanti zimebadilishana nafasi tu. Kwenye meza yenye vicheko, maikrofoni hukamata vokali vizuri kuliko konsonanti, na hapo ndipo sita hugeuka tisa. Ndugu zao sitini na tisini ni wabaya zaidi, maana tofauti yake ni alama 30 nzima. Ukitaja na jumla, kosa halina pa kujificha: mashine ikiwa imesikia tisa, jumla yake itakuwa 44 na wewe umetamka 41. Namba mbili zinapogongana, mnasimama hapohapo, kabla karata hazijagawanywa tena. Ni kazi ya sekunde tatu, na inakamata pia kosa lako wewe uliyejumlisha vibaya kichwani.

Neno “jumla” katikati lina kazi yake. Bila hilo, “sita, arobaini na moja” inaweza kuunganishwa ikawa namba moja ya ajabu. Hali kadhalika, namba yenye “na” itamke kwa pumzi moja. Ukisema “ishirini…” ukasita kuangalia karata, kisha “…na tano”, utapata 20 na 5 zikiwa zimeachana. Hesabu kwanza, funga mdomo mpaka uwe na namba kamili, ndipo useme.

Majina nayo yanataka uangalifu. Kama mezani kuna mtu anayeitwa Pili, Tatu au Mosi, mashine ina sababu nzuri kabisa ya kuchanganyikiwa: “Tatu, ongeza pili” au “Pili, ongeza tatu”? Asha na Aisha wakikaa meza moja, mmoja atamla mwenzake alama. Sisi tunapeana majina ya wanyama kwa usiku huo: Simba, Tembo, Kobe, Nyuki. Yanasikika tofauti na hayafanani na namba yoyote. Watoto huyapenda mno, na kuna mmoja hucheza kwa bidii zaidi akiwa Simba. Mkitumia Siri, chukueni rangi kwa Kiingereza, kwa kuwa huyo anasikiliza kwa Kiingereza.

Bado maneno mawili. “Toa” liwe la kupunguza, na msilibadilishe na “punguza” au “kata” mkiwa katikati ya mchezo. “Futa ya mwisho” liwe la kurekebisha. Mtu akikosea asianze kujieleza kwa maikrofoni, “aa samahani, nilikuwa na maana ya…”, kwani maneno yote hayo yanaandikwa. Aseme “futa ya mwisho”, anyamaze kidogo, kisha arudie sentensi nzima kuanzia jina.

Mwisho, msemaji awe mmoja kwa kila raundi. Anasema, wengine wananyamaza sekunde tano. Kuwanyamazisha watu walioshinda ni kazi, najua, lakini wakishazoea kwamba anayepiga kelele ndiye anayechelewesha mgao wa karata, wananyamazishana wenyewe.

Njia ya kwanza: jedwali na kibodi

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. Mikono haiachwi huru kabisa, kwa kuwa lazima uguse kisanduku kabla ya kutamka, lakini inasikia Kiswahili na jumla zake hazikosei.

1. Fungua jedwali jipya kwenye Google Sheets. Mstari wa kwanza andika majina, mmoja kila safu, ukianzia B1. Safu ya A iache kwa namba za raundi.

2. Kwenye B2 andika =SUM(B3:B) kisha nakili kwa safu zilizobaki. Jumla ziko juu, chini ya majina, na zitahesabu kila utakachoongeza chini bila kikomo. Gandisha mistari miwili ya juu ili isipotee mkifika raundi ya ishirini.

3. Ingia mipangilio ya Gboard, sehemu ya lugha, uongeze Kiswahili. Kisha hakikisha kuandika kwa sauti kumewashwa. Kibodi ikiwa kwenye Kiswahili, gusa alama ya maikrofoni useme “kumi na nane” kwenye kisanduku cha majaribio.

4. Angalia kilichotokea. Wakati mwingine itaandika 18, wakati mwingine “kumi na nane” kwa maneno. Hapa pana mtego: SUM hupita juu ya maneno kana kwamba hayapo, wala haikupi onyo lolote. Utaitambua kwa macho: namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona kitu kimeegemea kushoto, kirekebishe kwa vidole palepale.

5. Kwa njia hii, kinachoingia kisandukuni ni namba tu. Jina na jumla unavitamka kwa watu, maikrofoni ikiwa imezimwa, huku ukilinganisha na mstari wa pili.

Kwa alama za kupunguza, usitegemee mashine kuelewa “toa nane”. Itamke nane, kisha weka alama ya kutoa mbele yake kwa kidole. Hili litakukuta kwenye Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno, ambapo mchezo ukiisha kila mtu hupunguziwa thamani ya herufi alizobaki nazo.

Jaribu pia kuzima intaneti uone kama kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kunaendelea kwenye simu yako. Kukikataa, umejua mapema kwamba usiku wenu unategemea mtandao, na karatasi iwe karibu.

Njia ya pili: kuzungumza na akili bandia

Hapa mikono inakuwa huru kweli. Unafungua mazungumzo ya sauti kwenye Gemini au ChatGPT, unaweka simu mezani, na unasema. Ndiyo njia anayoipenda mjomba, kwa sababu anaweza kuuliza mwenyewe, “Kobe ana ngapi?” na akajibiwa bila kumsumbua mtu.

Lakini programu hizi zimeundwa kuzungumza, na zinapenda kuzungumza. Usipoziwekea mipaka, kila alama sita italetewa pongezi na swali. Anza kwa maelezo kamili, na ni bora uyaandike kwa vidole kabla ya kuwasha sauti. Haya ndiyo ninayotumia:

“Wewe ni mwandika alama wa mchezo. Wachezaji ni Simba, Tembo, Kobe na Nyuki, wote wameanza na sifuri. Nikisema jina, ongeza au toa, namba, na jumla, fanya hesabu yako mwenyewe kwanza. Ikilingana na jumla niliyotaja, jibu kwa jina na jumla tu. Isipolingana, sema ‘hailingani’ na utaje hesabu yako. Nikisema ‘futa ya mwisho’, ondoa ingizo la mwisho na utaje jumla iliyorudi. Nikisema ‘raundi imeisha’, soma jumla za wote kuanzia anayeongoza. Maneno mengine yote yapuuze. Usitoe maoni.”

Sentensi ya “fanya hesabu yako mwenyewe kwanza” usiiache. Bila hiyo, programu ina tabia ya kukubaliana na chochote unachosema, na ukaguzi wote unakuwa bure. Ijaribu kabla ya mchezo kwa kuidanganya kusudi: “Simba, ongeza kumi, jumla kumi na tano.” Ikijibu “Simba, kumi na tano”, maelezo yako hayajaingia. Rudia mpaka iseme hailingani.

Udhaifu wake mkubwa ni urefu wa usiku. Programu hizi hazijumlishi kama kikokotoo, zinatunga jibu kwa kufuata mazungumzo yaliyotangulia, na mazungumzo yakirefuka zinaweza kuteleza. Ndiyo maana “raundi imeisha” ni lazima, si mapambo. Kila zinaposomwa jumla, mtu mmoja aziandike kwenye karatasi: namba nne, basi. Simu ikizima au programu ikipotea njia, unafungua mazungumzo mapya na kuanza na namba za raundi iliyopita badala ya sifuri.

Kati ya raundi, zima maikrofoni. Kila neno la mezani likiingia, kuna atakayesema “mimi nakupa ishirini hapa!” kwa mzaha na akapewa.

Njia ya tatu: amri yako ya Siri

Ukiwa na iPhone, programu ya Shortcuts inakuruhusu kutunga amri na kuiita kwa jina. Ni kazi ya nusu saa mara ya kwanza, na baada ya hapo inadumu. Wazo lenyewe ni rahisi: kila mchezaji ana faili lake dogo lenye namba moja tu, jumla yake.

Tengeneza kwanza amri ya kuanza upya: inaandika 0 na kuihifadhi kama faili kwa kila mchezaji kwa kitendo cha “Save File”. Zima swali la wapi pa kuhifadhi, na washa ruhusa ya kufuta faili la zamani lenye jina hilohilo, la sivyo utajikuta na mafaili kumi ya mtu mmoja.

Kisha amri ya kuongeza. Inaanza na “Choose from Menu” yenye majina ya wachezaji. Ndani ya kila jina panafuata “Ask for Input” iliyowekwa kupokea namba, kisha kufungua faili la mchezaji huyo, kisha “Calculate” ya kujumlisha, kisha “Save File” tena kwa jina lilelile, na mwisho “Speak Text” itamke jumla mpya. Tengeneza ya mchezaji mmoja mpaka ifanye kazi sawasawa, ndipo unakili kwa wengine. Mtu akitengeneza wote wanne kwa mpigo huja kutafuta kosa moja mahali panne.

Amri iite kwa neno fupi ambalo Siri atalisikia kwa lugha aliyowekewa. Kwa kuwa namba utazitaja kwa Kiingereza, jihadhari na ndugu wengine wanaofanana: 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50. Ni sita na tisa ileile, imevaa nguo nyingine.

Na spika janja?

Kama nyumba ina spika inayosikiliza amri, kama Echo ya Amazon au Nest ya Google, inaweza kufaa kwa saa ya kupimia zamu na kwa kujumlisha orodha ya namba, kwa Kiingereza. Kwa alama za usiku mzima mimi siitumii. Kulitaja neno la kuiamsha mara sitini kwa usiku mmoja kunachosha mezani kuliko kalamu ilivyochosha.

Mahali pa kukiweka kifaa

Usikiweke moja kwa moja juu ya meza ya mchezo. Kete ya dhumna inapopigwa mezani, au dadu zinaporushwa, mtikisiko hupita kwenye ubao hadi kwenye maikrofoni na kuzima sauti ya mtu. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili chini ya simu kinatosha. Bora zaidi ni kiti au kabati dogo pembeni ya msemaji, maikrofoni ikimwelekea. Kwenye simu nyingi maikrofoni kuu iko ukingo wa chini, kwa hiyo geuza ukingo huo uwe upande wa mdomo.

Televisheni na muziki vikiwa na maneno, vizimwe. Muziki usio na mwimbaji hausumbui sana ukiwa chini. Feni ielekezwe kwingine, kwani upepo ukipiga maikrofoni husikika kama mtu anayepumua ndani yake.

Raundi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tuchukue UNO, kwa sababu alama zake huja kwa mkupuo. Anayemaliza karata huchukua thamani ya karata zilizobaki mikononi mwa wengine: karata za namba kwa thamani yake, za kuruka mtu, kugeuza mzunguko na kuchukua mbili ni 20 kila moja, na za kubadili rangi ni 50. Wa kwanza kufika 500 ameshinda.

Tembo amemaliza, naye alikuwa na 120. Kila mmoja analaza karata zake wazi. Kobe ana 7. Nyuki ana karata ya kugeuza, 20. Simba ana ya kubadili rangi na 4, jumla 54. Msemaji anajumlisha taratibu kwa sauti ya kawaida, maikrofoni bado imezimwa: saba na ishirini, ishirini na saba, na hamsini na nne, themanini na moja. Wote wakikubali, anawasha: “Tembo, ongeza themanini na moja, jumla mia mbili na moja.” Simu inajibu: “Tembo, mia mbili na moja.” Zimelingana. “Raundi imeisha.” Jumla zinasomwa, zinaandikwa kwenye karatasi, maikrofoni inazimwa, karata zinakusanywa. Karata zilizolazwa zisichanganywe kabla ya jibu la simu. Huo ndio ushahidi wenu pekee, na ukishachanganywa hamna pa kurudi.

Kwa Scrabble utaratibu ni tofauti: alama hutajwa kila zamu, si mwisho wa raundi, kwa hiyo kila mchezaji awe msemaji wa zamu yake mwenyewe. Anayetumia herufi zote 7 kwa mkupuo anapata nyongeza ya 50. Aitaje ndani ya namba moja, si kama sentensi ya pili, kwa sababu nyongeza zinazotajwa pembeni ndizo husahaulika. Dhumna ni rahisi kuliko zote: hesabuni nukta za kete zilizobaki, tajeni namba moja.

Wageni na sauti zao

Mgeni anapoketi, mwambie kuna maikrofoni itakayowashwa kwa sekunde chache kila raundi, na umwonyeshe jinsi ya kuizima. Programu za sauti hutuma maneno kwenye seva ili kuyatambua, na nyingine huhifadhi mazungumzo kwenye akaunti yako. Asiyetaka sauti yake ichukuliwe asiwe msemaji, na asishurutishwe. Mchezo ukiisha, fungua historia ya programu hiyo ufute mazungumzo ya usiku huo.

Kabla ya kufuta, nakili jumla za mwisho. Sisi tuna jedwali moja la msimu mzima: tarehe, mchezo, nani alishinda, kwa ngapi. Mjomba huniomba nimsomee kabla hatujaanza usiku mwingine, na ajuavyo yeye, Simba bado ana deni lake la alama kumi na mbili.